Kioo si Kivuli



Yeyote aliyepata kusoma huku kwetu Njombe anaijua vita ya mwezi wa sita na wa saba. Si vita ya mitihani, ni vita ya dirisha. Asubuhi baridi huuma hata vidole havishiki kalamu, sweta mbili hazitoshi, na lile pande la jua linaloingia kwa madirisha ya mashariki huwa na thamani kupita uji. Mwenye dawati la dirishani huonewa wivu. Wengine wamekwisha kuliuza dawati hilo kwa andazi moja kwa wiki, na mimi ni mmoja wa walionunua, ingawa sasa naona haya kusema.

Nilipokuwa kidato cha kwanza dawati la dirishani, mstari wa mbele, halikuuzwa. Alipewa mwenzetu mmoja mwenye ualbino, akakaa hapo miaka miwili na nusu. Sababu ilikuwa njema kabisa. Macho ya mtu mwenye ualbino kwa kawaida hayaoni mbali, na mboni zake huchezacheza bila yeye kutaka, kwa hiyo mwalimu wetu wa darasa alimweka mbele apate kuusoma ubao, na karibu na dirisha apate mwanga wa kutosha wa kuandikia. Sisi sote tulisema ni haki. Kwenye michezo na bustanini alivaa kofia pana na shati la mikono mirefu, akajipaka mafuta ya kukinga jua. Akiingia darasani alivua kofia, kama sheria isemavyo, akakunja mikono ya shati na kukaa kwenye jua la kioo akiota. Nami niliketi ubavuni pake, upande wa pili wa dawati, nikimwonea wivu. Siku moja nilimwuliza kama haogopi jua lile. Akanijibu, “Ndugu yangu, hili limekwisha kuchujwa. Mbona haliniunguzi?”

Jibu lile lilinitosha. Hata mwalimu angalitoa jibu lile lile. Makala hii nimeiandika kwa sababu jibu lile ni kosa, na tena ni kosa la watu wenye akili timamu waliojipima kwa ngozi zao wenyewe.

Aliyeligundua kosa hakuwa mwalimu wala mganga, bali mama yake. Siku ya wazazi ya kidato cha tatu alikuja na kapu la viazi na parachichi, tukamwamkia, akatuitikia kwa “Kamwene” na kutuuliza hali moja moja. Kisha akamshika mwanawe kidevu, akakigeuza kichwa huku na huku, kama mtu achaguaye embe sokoni. Akasema, “Mwanangu, mbona shavu la kushoto si ndugu wa shavu la kulia?” Tukatazama. Kweli, shavu la kushoto, shingo ya kushoto na mkono wa kushoto vilikuwa na madoa ya kahawia mengi kupita kulia, na chini ya sikio palikuwa na mabaka mawili makavu yenye magamba. Dirisha letu liko kushoto. Nilikuwa nimekaa karibu naye muda wote ule, lakini nilikaa kuliani, nikiuona upande mzuri.

Alipelekwa kliniki ya ngozi, na mabaka yale mawili yakagandishwa kwa naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi kali mno. Yalikuwa bado hayajawa saratani, ila ni ya namna ambayo ikiachwa huweza kugeuka saratani. Yafaa niseme kweli: mganga hakutuambia kwamba dirisha ndilo lililofanya. Alisema jua la utotoni na la kila siku hujumlishwa pamoja, wala hakuna awezaye kuligawa hili la shambani na hili la darasani. Lakini alituuliza swali moja lililotuduwaza: “Darasani mnakaa upande gani?”

Sasa niseme juu ya jua lenyewe kwa kadiri nilivyojifunza. Ndani ya mwanga wa jua mna miali isiyoonekana kwa macho iitwayo miali ya urujuanimno. Inayotufikia huku duniani ni ya namna mbili. Miali ya B ina mawimbi mafupi, nanomita 280 hadi 315, nayo ndiyo hasa huunguza ngozi ikawa nyekundu na kuuma. Miali ya A ina mawimbi marefu kidogo, nanomita 315 hadi 400, haiunguzi upesi, bali huingia ndani zaidi ya ngozi. Katika miali yote ya urujuanimno inayofika chini, karibu asilimia 95 ni ya A. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu miali yote ya B. Hapo ndipo ule mchujo aliousema mwenzetu ulipo, na si uongo. Lakini sehemu kubwa ya miali ya A hupita kama isiyoona kioo.

Tafadhali msomaji, simama hapa kidogo. Ngozi ya mtu aliye nje ikizidiwa na jua huuma, naye hukimbilia kivulini. Uchungu ule ni onyo. Kioo huondoa sehemu ya jua iletayo onyo, na kuiacha ile ifanyayo kazi polepole bila kelele. Ndiyo maana mtu akaaye nyuma ya kioo huweza kukaa muda mrefu kuliko ule ambao angekaa nje, akiamini kwamba yu salama, maana haungui. Zamani wataalamu wenyewe waliidharau miali ya A. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miali yote ya urujuanimno, A pamoja na B, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Ushahidi wa nyuma ya kioo upo, na ulio mashuhuri ni wa picha. Mwaka 2012 madaktari wawili wa Chicago, Marekani, walichapisha katika jarida la utabibu picha ya dereva wa lori la kupelekea bidhaa, mzee wa miaka 69, aliyefanya kazi hiyo miaka 28. Kule Marekani dereva huketi kushoto. Shavu lake la kulia ni la mzee wa kawaida, lakini la kushoto limejikunja na kuning'inia kana kwamba ni la mtu mwingine aliyemzidi kwa miaka mingi. Jua lilimjia kupitia kioo kwa upande mmoja siku baada ya siku. Nilipoiona picha ile nilikumbuka maneno ya yule mama, naye hakuwa amesoma jarida lolote.

Sitaki kumtisha mtu bure. Sisi wenye ngozi nyeusi tumebarikiwa na melanini nyingi, na saratani ya ngozi iletwayo na jua ni nadra kwetu. Dirisha la darasa halitamwua mtu kama mimi. Habari ni nyingine kabisa kwa mwenye ualbino, ambaye mwili wake hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa. Hapa Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 hivi huzaliwa na ualbino, hali Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Kwa maneno mengine, shule kubwa chache tu zikijumlishwa pamoja zinaweza kutoa mwanafunzi mwenye ualbino. Nao hapa kwetu hupatwa na saratani ya ngozi wakiwa vijana, katika umri ambao wengine ndio kwanza wanaanza kazi na kuoa. Kwao saa za jua ni kama fedha ya akiba: kila siku hutolewa, hairudishwi.

Basi tufanye hesabu, maana hesabu ni rahisi. Tuseme jua la mashariki huingia dirishani saa mbili hadi saa nne asubuhi, yaani saa mbili nzima kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka tuzihesabu 190. Hizo ni saa 380. Nusu tuwaachie mawingu na ukungu wa Njombe, zabaki 190. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni saa 760, upande mmoja wa shingo. Tena tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda miali ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi yetu haipunguzi kitu. Baridi hutufanya tulitafute jua, basi.

Nini kifanyike? Neno langu ni hili: shule yetu ibandike karatasi ya kukinga miali ya urujuanimno, ile ambayo mafundi wa magari huiita tinti, kwenye madirisha ya mashariki ya jengo la zamani, na kwenye maabara na maktaba. Nami nasema ibandikwe ile isiyo na rangi.

Najua watakaocheka. Tinti kwa fikira za wengi ni ya magari ya wakubwa, ni giza la kujifichia. Hapo pana makosa mawili katika neno moja. Weusi wa kioo hauizuii miali ya A kwa kuwa ni weusi, huzuia mwanga unaoonekana, ule tuusomeao. Kinachoizuia miali ya urujuanimno ni dawa iliyochanganywa katika plastiki na gundi ya karatasi ile, nayo huweza kuwa angavu kama maji. Karatasi nzuri angavu huzuia asilimia 99 ya miali hiyo na kuuacha mwanga upite karibu wote. Karatasi nyeusi ya bei rahisi yaweza kulitia darasa giza na huku ikiipitisha miali ya A. Mwanafunzi mwenye ualbino akipewa hiyo amepata hasara mara mbili: haoni daftari lake, na ngozi yake yaendelea kuliwa.

Hili tulilijaribu katika chumba cha fizikia, na kila mzazi mwenye duka aweza kulijaribu. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti hutoa miali ya A. Iwashe, weka noti chini yake, utaona alama zilizojificha ziking'aa. Usiitazame taa yenyewe. Sasa weka kipande cha kioo kitupu kati ya taa na noti: alama zaendelea kung'aa, kama kwamba hakuna kitu. Tukaweka kipande cha karatasi nyeusi tulichookota kwa fundi: alama zikafifia, lakini zikaonekana. Tukaweka kipande cha karatasi angavu kilichoandikwa kuwa cha kukinga urujuanimno: alama zikatoweka kabisa, na huku noti yenyewe tunaisoma wazi hata namba. Darasa zima lilipiga makofi. Taa ya noti haipimi mawimbi yote, kwa hiyo haitoshi kuwa cheti, lakini yatosha kumwumbua mwuzaji mwongo pale pale dukani.

Wala wazo hili si geni ulimwenguni. Kuna maradhi ya kurithi ambayo madaktari huyaita kwa kifupi XP, ambayo ngozi ya mtoto haina uwezo wa kujikarabati ikiharibiwa na jua. Mwaka 1968 mtaalamu James Cleaver wa California alionyesha kwamba kasoro iko katika ukarabati huo ndani ya chembe hai zenyewe. Kule Uingereza watoto wa namna hiyo hubandikiwa karatasi angavu nyumbani, garini na darasani, wakasoma pamoja na wenzao mchana. Hakuna aliyesema ni anasa. Imehesabiwa kuwa sawa na ngazi ya mlemavu au miwani ya asiyeona mbali.

Kuna hoja mbili zenye nguvu dhidi yangu, nami sitazikwepa.

Ya kwanza aliisema mwalimu mmoja, na ni hoja ya mtu mzima: “Mwanangu, kwa nini tununue karatasi wakati tunaweza kuhamisha dawati?” Namjibu kwa heshima kwamba dawati lihamishwe, tena leo, maana halina gharama. Mwenzetu alihamishwa katikati ya mstari wa mbele juma lile lile, na anaona ubao vizuri kuliko awali. Lakini asubuhi na mapema jua liko chini. Nilipima kwa kamba: saa mbili na robo pande la jua lilikuwa limefika mita tatu na nusu ndani ya chumba chenye upana wa mita saba, yaani katikati hasa. Katika maabara meza zimejengwa kwa saruji chini ya dirisha, haziwezi kuhamishwa hata kwa amri. Tena mtoto ambaye kila kipindi hutafutiwa pa kuketi, leo huku kesho kule, mwishowe hujiona mzigo. Mwenzetu hakulalamika kamwe, lakini nilimwona akijifanya anapenda kona zenye giza.

Hoja ya pili ni ya jamaa zetu wa pwani na wa mikoa yenye joto, na hiyo ni kweli tupu. Karatasi iliyobandikwa kwenye dirisha lililofunguliwa haimkingi mtu yeyote. Madarasa mengi ya nchi yetu yana vioo vya kufunua vipande vipande, na mengine hayana kioo, ni nondo na wavu tu. Shule ya Tanga au ya Lindi ikitumia fedha zake kununua tinti imetupa fedha. Kwao mapaa yaongezwe urefu, ipandwe miti upande wa magharibi, na madarasa mapya yajengwe madirisha yakitazama kaskazini na kusini, kama wajenzi wa nchi za joto wanavyofundishwa. Hata sisi tukifungua madirisha saa sita mchana karatasi imekwisha kazi kwa saa hizo. Ila saa hizo jua liko juu ya paa, haliingii. Jua letu la hatari ni la asubuhi, na asubuhi ndipo madirisha yetu yafungwapo kwa sababu ya baridi. Kwa ajili hiyo nasema jambo hili latufaa sisi wa nyanda za juu hasa, na sidai liwe sheria ya nchi nzima.

Wala mtu asidhani kwamba karatasi yaweza kuchukua mahali pa kofia. Uwanja wa gwaride ni hatari kuliko dirisha lolote, na nusu saa ya kusimama kichwa wazi saa tano huzidi asubuhi kadhaa za kioo. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ndiyo ya kwanza, na sheria ya kuvua kofia darasani isimhusu mwenye ualbino. Mafuta hayo hata tunayatengeneza wenyewe. Pale KCMC, Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwenzetu huyatumia. Lakini alikuwa akiyapaka kwa ajili ya kutoka nje tu, akiyabana yasiishe, na darasani aliona si haja. Dirisha likikingwa, kopo moja hukaa zaidi.

Niseme kidogo juu ya safari, maana tunakaribia kufunga shule. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, nayo plastiki hiyo huizuia miali ya A karibu yote. Vioo vya ubavuni ni kioo kimoja kigumu, na huko mambo hubahatika. Mtaalamu mmoja wa Marekani alipima magari 29 mwaka 2016, akakuta vioo vya mbele huzuia asilimia 96 kwa wastani, na vya ubavuni asilimia 71 tu, vingine hata 44. Basi letu la kwenda Dar es Salaam hutumia siku nzima, na abiria huketi ubavuni. Hapa jiografia ya kidato cha pili ina faida. Tukitoka Njombe tunaelekea kaskazini mashariki hadi Iringa, kisha mashariki. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, yaani kushoto kwa msafiri kwa sehemu kubwa ya safari, basi mwenye ualbino akate tiketi ya upande wa kulia. Mwezi wa kumi na mbili jua limehamia kusini, kwa hiyo akate ya kushoto. Wakati wa kurudi ageuze. Kiti cha njiani ni bora kuliko cha dirishani siku zote, na shati la mikono mirefu lisikunjwe hata joto la Mikumi likizidi. Madereva nao watazame mkono wao wa kulia, maana huku kwetu dirisha lao liko kulia.

Anayetaka kubandika tinti kwenye gari aulize kwanza askari wa usalama barabarani, kwa kuwa sheria za nchi nyingi huweka mpaka wa giza la vioo. Karatasi angavu haina ugomvi na mpaka huo kama nyeusi ilivyo nao.

Imebaki fedha, na hapo ndipo makala za wanafunzi huvunjikia. Nimehesabu. Darasa la jengo la zamani lina madirisha sita ya mashariki, kila moja mita 1.2 kwa mita 1, yaani mita za mraba 7.2. Madarasa manne ni mita 28.8. Maabara na maktaba zikiongezwa, hazifiki mita 45. Ikibandikwa vizuri juu ya kioo safi, kwa upande wa ndani, na kusafishwa kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, si kwa mchanga na magazeti kama tufanyavyo siku ya ukaguzi, karatasi njema hudumu miaka mingi, mara nyingi kumi na kuzidi. Wale watakaouliza kwa nini shule nzima ilipie shingo ya mtu mmoja, nawaomba waende maktabani wakaitazame ramani ya Afrika iliyotundikwa karibu na dirisha. Bahari ya Hindi imepauka hata huwezi kuijua na jangwa. Migongo ya vitabu vya rafu ya mashariki haina majina tena. Jua la kioo lilifanya hivyo, na vitabu vile vilinunuliwa kwa fedha ya wazazi. Karatasi haitazuia kupauka kote, kwa kuwa mwanga wa kawaida nao hupausha, lakini itapunguza sana. Mhasibu asiyeshawishika na shingo huenda akashawishika na vitabu.

Mwenyewe nilipomwonyesha mwenzangu makala hii kabla ya kuipeleka kwa Mhariri, alisoma yote, akacheka pale penye andazi. Kisha akaniomba nifute sentensi mbili zilizomhurumia mno, nami nimezifuta. Akasema yeye hataki darasa lipangwe kwa ajili yake. Anataka aketi popote apendapo, hata dirishani, kama mtu mwingine.

Vipimo vya madirisha yote, kila kioo kwa sentimita, nimeviandika na kumkabidhi kiranja wa taaluma. Vipande vyetu vitatu vya majaribio viko chumba cha fizikia pamoja na taa, na mwalimu wa somo ameridhia vionyeshwe siku ya wazazi. Mkutano wa wazazi ni mwisho wa muhula huu. Ajaye na aje na noti yake mwenyewe, tutampimia, naye ataondoka nayo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne